Mwenye Haki ya Kuhukumu: Habari za Mabaraza na Korti katika Rabai na Pwani



Katika mikutano ya chama chetu ya mwaka uliokwisha, neno moja lilirudi barazani mara nyingi kuliko hesabu za michango na kuliko habari za karo za watoto. Neno hilo ni hili: mtu akituhumiwa kosa, ni nani mwenye haki ya kumhukumu? Kamati ilituagiza sisi tunaotunza vitabu vya chama tuandike habari za jambo hili tangu zamani, ili zichapwe pamoja na taarifa ya mwaka. Tumefanya hivyo kwa kadiri tulivyoweza.

Yafaa kwanza tueleze sababu ya agizo hilo, ijapokuwa wengi wenu mnaijua. Mzee mmoja wa chama hiki, ambaye jina lake hatuliandiki, alifiwa na mpwa wake. Matanga hayajaanuliwa, vijana wa mji ule wakamwendea usiku na kumwambia aondoke kabla jua halijachomoza, kwa maana, walisema, yeye ndiye aliyemroga marehemu. Na kama hataondoka, atakatwa. Mzee huyo ana minazi mingi, na shauri la shamba baina yake na ndugu zake lilikuwa bado halijaisha. Hatusemi kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Twasema tu kwamba yalitokea katika mji mmoja.

Habari ilipoletwa barazani, kila mtu alikuwa na korti yake. Wengine walisema mzee apelekwe kula kiraho, ukweli utajulikana. Wengine walisema shauri hilo ni la chifu. Mmoja alisema ni mambo ya ukoo, na chama kisiingie. Tukaona ya kuwa hatukuwa tukibishana juu ya mzee huyo, bali juu ya mipaka ya mamlaka, na katika mambo hayo wengi wetu tulikuwa tukisema kwa kukisia.

Basi tuanze na wazee wetu. Kabla ya kuja serikali yoyote, watu wa Rabai walihukumiwa na wazee wa kambi, au ngambi kama wengine wasemavyo, katika kaya. Kaya zetu za Mudzimuvya, Bomu na Fimboni leo zajulikana duniani, kwani mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliandikwa katika urithi wa dunia; lakini kwa babu zetu kaya ilikuwa ni mji, na ni mahali pa hukumu. Mwenye kushitaki alikuja na kadzama yake ya tembo, wazee wakaketi, pande zote mbili zikasikilizwa, na hukumu ikatolewa mbele ya watu. Kosa kubwa halikuwa deni la mtu mmoja. Aliyeua alileta deni juu ya ukoo wake wote, na ukoo wa aliyeuawa ulidai fidia ya damu iitwayo kore. Jela haikuwako. Hukumu ilikusudiwa kurudisha kilichopungua upande wa pili, na kuzuia damu isidai damu.

Pale ambapo shahidi hakupatikana, wazee waliita kiraho. Kiraho cha shoka wengi wamekisikia: shoka hutiwa motoni mpaka likawa jekundu, likapitishwa juu ya kiganja cha mtuhumiwa, na atakayeungua ndiye mwenye kosa. Kiraho cha papai nacho kinajulikana. Hatuandiki haya kuwadharau wazee. Uingereza nako, mpaka karne ya 13, watu walishikishwa chuma cha moto kwa kusudi lile lile, na makasisi ndio waliosimamia, mpaka Kanisa lilipowakataza mwaka 1215. Binadamu asipoweza kuujua ukweli humwachia Mungu au moto. Lakini tuangalie neno moja. Hata katika siku hizo kijana hakuamka usiku na panga akasema, nimehukumu. Palikuwa na baraza na wazee wake, na mtuhumiwa alisema neno lake kabla ya kuhukumiwa. Mtu asemaye kwamba kumvamia mzee gizani ni mila ya Mijikenda ameisingizia mila.

Mwaka 1844 Krapf alifika Mombasa, na mwaka 1846 yeye na Rebmann walifungua kituo cha misheni Rabai kwa idhini ya wazee. Hapo ndipo tatizo la mamlaka mawili katika nchi moja lilipoanza kwetu. Mwanzoni lilikuwa dogo, kwa maana misheni ilikuwa na watu wachache mno. Lakini baada ya mji wa Freretown kuanzishwa mwaka 1875, na watumwa waliotoroka mabwana zao kukimbilia misheni, Rabai ikawa na mamia ya watu wasiokuwa wa kaya wala wa Liwali. Nani angewahukumu? Wamisionari walifanya kazi ya mahakimu bila kupewa uhakimu na mtu yeyote, na mwaka 1881 habari za viboko na vifungo vya Freretown zilichunguzwa na maofisa wa Balozi wa Kiingereza aliyekaa Zanzibar. Katika habari zote tulizosoma, hilo ndilo funzo la kwanza la namna hii lililoandikwa kwenye karatasi katika pwani yetu: mtu hapati haki ya kupiga viboko kwa sababu ya kuwa mtu mwema, wala kwa sababu waliopigwa ni watu wake.

Mabwana wa watumwa nao walikuja kudai. Kwa sheria iliyotumika katika nchi ya Sultani, watumwa wale walikuwa mali yao, na madai yao yalikuwa ya haki. Kwa misheni kuwarudisha ilikuwa dhambi. Kwa watu wa kaya, wakimbizi walikuwa wageni waliokaa juu ya ardhi ya Arabai. Shauri moja likawa na sheria tatu, na korti moja iliyoweza kuzisikia zote haikuwako. Mwisho wake halikukatwa na hakimu, lilikatwa kwa fedha: George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati ya Malkia mwaka 1888, aliwalipa mabwana fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watu zaidi ya 1,400 wa Rabai, Freretown na misheni nyingine walipewa hati zao za uhuru. Wajukuu wa watu hao tunao katika chama hiki, na wengine ndio wanaosoma ukurasa huu.

Kampuni ikashindwa, Serikali ikaja. Tarehe 1 Julai 1895 nchi ilitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Kiingereza, na tarehe 14 Desemba mwaka ule ule ukafanywa mkataba na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Ndani ya ukanda huo bendera ya Sultani ilibaki, na maliwali, mamudiri na makadhi wakaendelea na kazi. Sisi wa Rabai tulikaa karibu na mpaka huo. Mwaka 1897 zikawekwa korti za namna nyingi: za maofisa Wazungu kwa upande mmoja, na za wenyeji, yaani kadhi, liwali na wazee, kwa upande wa pili. Sheria ya makosa iliyotumiwa na Serikali ilitoka India, ikatumika mpaka mwaka 1930, ndipo Kenya ilipopata kitabu chake cha sheria ya makosa na kitabu cha utaratibu wa kesi. Mtu wa Rabai aliyeiba mbuzi mwaka 1920 aliweza kufungwa kwa sheria iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Bengali na Bombay.

Katika siku hizo swali la kwanza la korti lilikuwa: mtu huyu ni nani? Mzungu aliyeshitakiwa kosa kubwa alikuwa na baraza la wazungu wenzake, nao ndio waliokata kama ana kosa au hana. Mwafrika alikuwa na washauri wa jaji, wazee wawili au watatu, ambao jaji aliwauliza maoni yao kisha akaamua alivyotaka, kwani hakufungwa na neno lao. Washauri hao waliendelea baada ya uhuru, wakaondolewa kwa sheria ya mwaka 2007. Baadhi ya wazee wanasikitika kwamba waliondolewa. Wasema jaji asiyejua lugha wala desturi alikuwa angalau na mtu wa kumnong’oneza. Sisi twaona kuna ukweli kidogo katika maneno hayo.

Tena palikuwa na adhabu isiyopita kortini kabisa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, walikamatwa kwa kuwalisha Wagiriama kiapo cha kukataa kazi na kodi ya Serikali. Hawakuhukumiwa na jaji. Walihamishwa kwa amri ya Serikali mpaka Kisii, mwisho wa nchi upande wa pili. Na mwanzo wa mwaka 1914 wakatoroka wakarudi pwani. Mwezi wa Agosti mwaka ule Kaya Fungo ikapasuliwa kwa baruti, na vita vikafuata. Tunapowaeleza vijana kwa nini katiba yataka mtu aliyekamatwa aonyeshwe mbele ya hakimu, mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni huo wa mwanamke wa Kigiriama aliyepelekwa mamia ya maili bila kuulizwa, unakiri au unakana?

Sasa tufike kwenye shauri linalofanana zaidi na la mzee wetu. Halikutokea pwani, lilitokea Ukambani. Mwaka 1931 mwanamke mmoja aliuawa kwa kupigwa na kundi la wanaume waliomtuhumu kumroga mke wa mwenzao. Hawakujificha. Walisema walifanya kama wazee wao walivyofanya tangu zamani, kwa desturi ya Wakamba iitwayo kingole, ambayo ilikuwa hukumu ya watu wote juu ya mchawi. Watu 70 walishitakiwa katika Korti Kuu ya Nairobi mwaka 1932, na 60 wakahukumiwa kunyongwa. Rufani yao ilikataliwa na Korti ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mwishowe Serikali iliwaondolea hukumu ya kunyongwa, wakafungwa. Shauri hilo lilizungumzwa mpaka Uingereza, na wako waliolaumu sheria kwa kutoelewa hofu ya watu. Lakini jibu la korti halikubadilika: baraza lisilopewa mamlaka ya kuua, likiua, limefanya mauaji, hata kama wote walioketi ndani yake waliamini wanaiokoa nchi.

Katika miaka iliyofuata korti hiyo ya rufani iliulizwa mara nyingi kama kuamini uchawi kwaweza kumpunguzia mtu kosa la kuua. Katika shauri la Uganda la mwaka 1951 lijulikanalo kwa jina la Galikuwa, majaji walisema imani peke yake haitoshi. Kuchokozwa lazima kuwe ni kwa tendo lililotendwa hapo hapo, la namna ya kumfanya mtu wa kawaida wa jamii ile ashindwe kujizuia. Si hofu ya jambo litakalokuja, wala hasira iliyolala siku tatu ikipikwa na maneno ya jamaa. Aliyekwenda kwa mganga, akataja jina, akarudi, akanoa panga, huyo hakuchokozwa.

Sheria ya uchawi ya mwaka 1925 nayo ilikuwa na kifungu ambacho wengi wetu hatukukijua mpaka mwaka huu. Watu hudhani ilimwadhibu mchawi peke yake. Kumbe iliweka pia kifungo cha hadi miaka 5 kwa mtu amtuhumuye mwenzake kuwa ni mchawi, isipokuwa amepeleka tuhuma hiyo kwa D.C., polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Tulipoyasoma maneno hayo barazani palikuwa kimya kitambo kidogo.

Turudi kwenye mabaraza ya hapa nyumbani. Sheria ya mwaka 1930 iliyapa mabaraza ya wenyeji mamlaka ya kusikiliza madeni, mahari, mipaka ya mashamba na makosa madogo, na iliyafuata sheria ya mwaka 1951 ya Korti za Waafrika. Wazee wetu waliketi humo, mawakili hawakuruhusiwa kuingia, na D.C. aliweza kubadilisha hukumu. Kwa hiyo mtu yule yule aliyekusanya kodi na kuamuru kazi alikuwa pia juu ya hakimu. Hata hivyo mabaraza hayo hayakupewa kamwe kesi ambayo mtu amekufa ndani yake. Damu iliondolewa mikononi mwa kambi tangu Serikali ilipojiimarisha, na haikurudishwa. Mwaka 1967, sheria ya korti za mahakimu ilizimaliza Korti za Waafrika, na watu wa rangi zote wakawekwa chini ya mahakimu wa namna moja. Swali la ‘mtu huyu ni nani’ likafa, yakabaki maswali ya kosa gani, na limetendeka wapi.

Maswali hayo ndiyo yatumikayo hata leo. Kuiba kuku, kupigana, kutishia kuua, kukata minazi ya mtu, yote huanza kwa hakimu, katika korti iliyo karibu na mahali kosa lilipotendeka. Kwetu ni kama Mariakani au Kilifi. Mauaji hayamhusu hakimu, husikilizwa na Mahakama Kuu, kama iliyoko Malindi au Mombasa. Kadhi husikiliza ndoa, talaka, urithi na hali ya watu baina ya Waislamu wanaokubali kwenda kwake, wala hana mamlaka ya kumfunga mwizi. Chifu aweza kupatanisha na kutuliza, na kupeleka habari kwa polisi, lakini yeye si korti.

Na wazee wa kaya? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, imewataja kwa heshima: mahakama zatakiwa kukuza njia za mapatano, na njia za jadi zikiwamo, madhali hazivunji haki za binadamu wala katiba. Wengine wamelichukua neno hilo kwa pupa. Ni kweli kwamba mwaka 2013 jaji mmoja wa Nairobi alikubali shtaka la mauaji liondolewe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimepatana na fidia imelipwa. Lakini wako majaji waliokataa baadaye, wakisema uhai wa mtu si mali ya ukoo peke yake. Kwa hiyo mtu asimwambie mwenzake kwamba kore imerudi kortini. Kumbukeni pia kwamba hata katika shauri lile ombi lilitoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na jaji ndiye aliyekata. Familia hazikuifuta kesi zenyewe.

Juu ya utaratibu wa kesi tutasema kwa ufupi, maana wengi wameuona kwa macho. Mlalamishi huandikisha habari katika kituo cha polisi na kupewa namba ya OB. Asiondoke bila namba hiyo. Aliyekamatwa apelekwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza korti ifunguliwapo ikiwa saa hizo zimeangukia nje ya wakati wa korti. Asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, na kama hajui Kiswahili wala Kiingereza apewe mkalimani bila malipo. Hili tunalitilia mkazo, kwa maana tumewaona kina mama wazee wakijibu ‘ndiyo’ kwa neno wasilolifahamu, na ndiyo hiyo ikaandikwa kuwa ni kukiri. Akikana, aweza kuomba dhamana, nayo haizuiwi ila kwa sababu nzito. Mashahidi wa mashtaka husema kwanza, na mshitakiwa ana haki ya kuwauliza maswali. Kazi ya kuthibitisha ni ya mwenye kushitaki. Mshitakiwa halazimiki kusema hata neno. Aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 za kukata rufani. Na mtu akiisha kuachiliwa au kuhukumiwa kwa kosa moja, hashitakiwi tena kwa kosa lile lile.

Hapo ndipo tofauti na kiraho inapoonekana wazi. Katika kiraho kiganja cha mtuhumiwa ndicho kinachothibitisha. Kortini kiganja chake hakiulizwi, na aliyesema ‘fulani amemroga mtoto wangu’ ndiye atakayeulizwa, umejuaje?

Tunajua yanayosemwa dhidi ya korti. Ni mbali, kesi huahirishwa, nauli huisha, shahidi huchoka, na mwenye fedha huweka wakili. Hayo ni kweli, nasi tumeketi kwenye viti vya mbao kutwa nzima tukaambiwa turudi mwezi ujao. Sheria yenyewe pia hubadilika polepole. Kwa miaka mingi jaji aliyemwona mtu na kosa la mauaji hakuwa na hiari, alilazimika kutamka kunyongwa, mpaka Mahakama ya Juu iliposema tarehe 14 Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu, kwamba ulazima huo hauafikiani na katiba. (Karani huona tarehe: ni siku ile ile ya mkataba wa Sultani, miaka 122 baadaye.) Lakini katika kaunti hii ya Kilifi wazee wengi wameuawa kwa neno moja tu la uchawi, na wengine wamekimbia miji yao, na hakuna hata mmoja wao aliyepata siku 14 za rufani.

Mzee wetu hakuondoka. Usiku uliofuata wanachama watano walilala katika mji wake, na asubuhi mjumbe wa kamati alimsindikiza kituoni, akapewa namba. Vijana wawili walishitakiwa kwa kutishia kuua. Wamekana, wako nje kwa dhamana, na hatusemi zaidi kwa kuwa kesi iko mbele ya hakimu, nao pia hawana kosa mpaka ithibitike. Shauri la minazi liliwekwa mbele ya wazee wa ukoo na wa kaya kwa ridhaa ya pande zote mbili, kwa maana hilo ni lao kupatanisha. Wameketi mara mbili, na mpaka wa upande wa kisima umekwisha kukubaliwa. Upande wa barabara bado.

Nauli ya mashahidi kwenda kortini na kurudi, pamoja na chakula chao, imeonyeshwa katika ukurasa wa hesabu chini ya ‘Msaada kwa Wanachama’. Mwenye swali juu ya fungu hilo alilete katika mkutano mkuu.